Waliomtaja Daktari Canseco

Daktari Leobarda Canseco alikuwa na namba moja aliyoipenda kuliko tarehe yake ya kuzaliwa: mia tatu themanini na sita. Hizo ndizo mara ambazo makala yake juu ya lipu ya chokaa na ute wa mpungate, ule mmea wa miiba, ilikuwa imetajwa na wanasayansi wengine, kutoka Brazili hadi Uchina, katika miaka kumi na moja. Pale Oaxaca, nchini Mexico, kwenye taasisi yao ya ghorofa mbili yenye paa linalovuja, hakuna aliyemkaribia. Aliyemfuata alikuwa na tisini na nne, naye alikuwa mtaalamu wa zege ambaye nusu ya waliomtaja walikuwa wanafunzi wake mwenyewe.

Asiyejua mambo ya watafiti atacheka, lakini si jambo la kucheka. Nchini humo watafiti hupangwa kwa madaraja, na daraja la tatu, lile la juu, hupewa mtu ambaye jina lake linarudiwa na wenzake. Leobarda alikuwa amekaa daraja la pili miaka tisa. Mafaili ya maombi yalitakiwa kufika Ijumaa saa sita mchana, na ukikosa hapo unangoja miaka mitano mingine. Kwa umri wake, miaka mitano mingine ilikuwa mlango wa kustaafu. Alilitaka daraja hilo kwa moyo wote, na hakuona aibu kulitaka.

Kazi ya kupanga faili ilikuwa ya mkutubi, Ramiro Toledo. Waliomtaja mtafiti hugawanywa mafungu mawili. Fungu la A ni watu baki, na fungu la B ni mtafiti mwenyewe na wale alioandika nao, wanaopigiana debe. Kila mkutubi hugawa kwa kutazama majina tu, kisha anakwenda kula. Ramiro, mtu wa kujipa kazi asiyopewa, alizifungua makala zenyewe na kuzisoma moja baada ya nyingine.

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Leobarda na mafaili matatu kifuani, uso umemshuka kama mleta habari za msiba.

"Daktari, umeshakunywa kahawa?"

"Nimekunywa. Sema."

"Basi kunywa nyingine."

"Ramiro, acha mizaha. Za B ziko ngapi?"

"Kumi na mbili tu. Wewe si mtu wa kujipigia ngoma, hilo nitalisema mbele ya yeyote." Akaweka mafaili mezani polepole. "Shida ni hizi za A."

"Zina nini?"

"Zinakutaja, ndiyo. Ila zinakutaja kama watu wanavyotaja shimo la barabarani. Ili mwenzao asitumbukie."

Leobarda alidhani ni utani wake wa kawaida, mpaka alipofungua faili la kwanza. Ramiro alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya kila sentensi. *Tulifuata vipimo vya Canseco. Lipu ilipasuka siku ya nne.* Akageuza ukurasa. *Kinyume na madai ya Canseco, nyufa zilitokea kote.* Wabrazili walikuwa wamejenga kuta nne, zote zikapasuka, na mwishoni wakaandika kwa upole kwamba huenda mpungate wa Mexico una kitu ambacho wao hawana.

"Ziko ngapi za namna hii?"

"Mia moja arobaini na tatu. Wengi wa waliobaki wamekutaja kwa sababu wenzao wamekutaja. Hawajajaribu chochote."

"Na waliojaribu ikawakubali?"

Ramiro alivitazama viatu vyake. "Hakuna, daktari."

Damu ilimpanda Leobarda kichwani. Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Nani alikutuma usome? Eh? Kazi yako ni kuhesabu! Hesabu, gawa, piga muhuri, basi!"

"Nimehesabu miaka ishirini," Ramiro alisema bila kukasirika. "Safari hii nilitaka kujua kwa nini unapendwa hivi." Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Baraza halisomi. Wataona mia tatu themanini na sita, watapiga makofi. Ukitaka nafunga faili na mdomo nafunga. Mimi ni kaburi."

Na alikuwa anasema kweli, hilo ndilo lililomuuma Leobarda zaidi. Alimfukuza ofisini, halafu akaona vibaya, akamfuata kwenye ngazi kumwomba radhi, akamkuta anakula chungwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alirudi akafungua kabati la sampuli. Vipande vya lipu vya mwaka aliofanya utafiti ule vilikuwapo bado, kila kimoja na tarehe yake. Alichukua kimoja, akakiweka sakafuni, akakipiga nyundo. Kilitoa sauti kavu na hakikukatika. Akakigeuza huku na huku kutafuta ufa. Hakuuona hata mmoja. Miaka kumi na moja, na kitu bado kigumu vile vile! Kwa hiyo lipu yenyewe haikuwa ya uongo. Jumatatu ile yote na Jumanne alizisoma makala zile mia moja arobaini na tatu, mstari kwa mstari. Walioziandika hawakuwa wazembe. Walifanya kila alichowaambia, na kila alichowaambia kiliwaaibisha.

Jumatano asubuhi aliweka chombo cha kioo cha kupimia kwenye mkoba, akapanda gari kwenda San Melchor.

Huko ndiko alikotoka fundi aliyemfundisha. Don Eutimio Luis alikuwa mwashi wa lipu, na baba yake vile vile, na kuta zao ndizo zilizobaki zimesimama kijijini pale wakati za saruji zilikuwa zikibabuka. Leobarda alimwalika taasisini, mzee akachanganya lipu uani kwa mikono yake, na kutokana na mchanganyiko ule ndipo zikatoka sampuli zote na makala yote. Don Eutimio alifariki miaka minne iliyopita. Leobarda alituma maua, mwenyewe hakwenda. Kulikuwa na mkutano wa kitaaluma wiki ile.

Binti wa mzee, Macrina, ndiye aliyeshika kazi. Leobarda alimkuta juu ya jukwaa la mbao, ubavuni mwa kanisa, amejifunga kitambaa kichwani na mikono imepauka kwa chokaa mpaka kwenye viwiko.

"Angalieni nani katutembelea!" Macrina alipiga kelele kabla hata ya kusalimiwa. "Daktari wa ute! Tulidhani umeshahamia Uchina."

"Hujambo, doña Macrina?"

"Kama unavyoniona, mzima na mchafu. Una nini? Umekonda. Huko taasisini hamli?"

"Nimekuja kukuona ukichanganya."

"Kwani umesahau? Si uliandika kitabu kizima?"

"Niliandika. Ndiyo shida yenyewe."

Macrina alimtazama kidogo, akateremka. Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya tejate, kinywaji cha mahindi, povu la kakao limejaa juu, na Macrina hakukubali kuanza kabla mgeni hajamaliza kibuyu kizima. Ndipo akamwaga mchanga, ndoo moja kubwa, na kuutandaza chini. Akachukua kisanduku cha mbao, akachota nacho chokaa, akasawazisha juu kwa ubao, akamimina. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

"Almudi tatu za chokaa," alisema, "na sasa ute, robo ndoo, halafu maji mpaka mkono wenyewe ukwambie basi."

Leobarda hakuwa akimsikia tena. Alikuwa ameganda akikitazama kisanduku kile.

"Hako kasanduku ni nini?"

"Kasanduku?" Macrina alikasirika hasa. "Mama, hii ni almudi."

"Almudi ni lita nne."

"Ya kwenu! Ninyi wa mjini almudi yenu kama beseni la kuogea, ndiyo maana mkija kununua mahindi huku tunawakimbia. San Melchor almudi ni hii. Alikuwa nayo babu yangu na babu wa babu yangu."

Leobarda alitoa chombo cha kioo mkobani. Akajaza kisanduku chokaa, akamimina. Lita moja, na nusu nyingine, na bado kidogo. Hazikufika mbili.

Mama yake Leobarda aliuza mahindi sokoni Oaxaca kwa miaka thelathini. Leobarda mwenyewe, tangu hajajua kusoma, alikuwa akisawazisha almudi ya lita nne kwa kiganja chake. Don Eutimio aliposema almudi tatu, hakuhitaji kutazama kisanduku. Mgeni angeuliza, Mjerumani angetoa rula. Yeye alikuwa mwenyeji, na mwenyeji hapimi anachokijua. Akaandika lita kumi na mbili mahali palipotakiwa lita zisizofika sita, na dunia nzima ikatia chokaa maradufu, na chokaa ikizidi lazima lipu ipasuke. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hivyo.

Alikaa kwenye mchanga na sketi yake ya ofisini akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kilio, akalia waziwazi, mafundi wawili wakajifanya wanatafuta mwiko.

"Baba alikwambia," Macrina alisema, naye akiketi. "Nilikuwapo siku ile. Alisema, daktari, almudi ya huku... Hukumwachia amalize. Ukamwambia, don Eutimio, mimi mtoto wa muuza mahindi, utanifundisha almudi? Alirudi nyumbani anacheka mpaka machozi. Alituhadithia hiyo mpaka anaugua."

"Mbona hakunirudishia neno?"

"Wewe daktari. Alidhani umeshapima."

Lipu ilikuwa inangoja chini, na Macrina akairushia maji kidogo isikauke. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Na mle ndani, baba ulimwandikaje?"

Leobarda alilijua jibu kwa moyo, na kabla ya siku ile halikuwahi kumchoma. "Mwishoni. Kwenye shukrani."

"Umemwandikaje?"

"Tunamshukuru fundi mmoja wa eneo hilo."

"Fundi mmoja."

"Ndiyo."

"Wa eneo hilo." Macrina aliinuka, akachukua mwiko. "Kuta zote hizi, siku kumi amekuja kwenu anachanganya na mgongo unamuuma, na hakuwa na jina." Hakupiga kelele, na Leobarda angefurahi kama angepiga. "Sogea, daktari. Lipu haingoji."

Akapanda jukwaani. Leobarda alibaki chini mpaka mchanganyiko ulipokwisha, akimpandishia ndoo moja moja, na hakuna aliyemwambia aache.

Alhamisi asubuhi alimpigia simu mhariri wa jarida. Mhariri alikuwa mtu wa adabu, akamweleza utaratibu. Kama ni namba tu, wangetoa sahihisho dogo, na makala ingebaki na mwandishi wake yule yule. Lakini kama anataka kuongeza waandishi, basi iandikwe makala mpya, na ile ya zamani ibandikwe onyo: vipimo hivi si sahihi, msomaji atumie ile mpya. Alimkumbusha kwa upole kwamba kuanzia hapo watu wangeacha kuitaja ya kwanza.

"Naelewa," Leobarda alisema. "Naomba ya pili."

Ramiro alipopata habari alikuja mbio. "Vizuri, vizuri sana, hongera. Sasa nisikilize mimi. Kesho peleka faili kama lilivyo. Jumatatu ndiyo usahihishe. Siku tatu tu, daktari! Hakuna roho itakayoumia."

"Fomu ina swali, Ramiro. Inauliza kama kuna kasoro yoyote ninayoijua katika kazi ninazowasilisha."

"Kesho hujui. Jumatatu unajua."

"Nimejua jana."

"Umejua jana mbele ya mwashi mmoja na kisanduku!"

Ramiro alikuwa anampenda, ndiyo maana alikuwa mkali. Leobarda alimwambia atafikiri, na kwa kweli alifikiri. Msidhani alikuwa malaika. Aliishika ile fomu Alhamisi mchana kutwa. Aliliona jina lake kwenye orodha ya daraja la tatu, akaiona sura ya yule wa zege, akasikia na ule ukimya wa heshima ukumbini. Siku tatu tu. Mara mbili aliandika "Hapana" kwa penseli na mara mbili akafuta. Lakini kila alipofuta alikuwa akimwona Macrina akiinuka kuchukua mwiko, na neno "mmoja" likawa halimtoki masikioni.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika ishirini, alijaza kwa wino: *Kati ya walionitaja, mia moja arobaini na watatu wanasema nimekosea. Wamesema kweli. Nilikosea kipimo cha chokaa kwa kutomsikiliza aliyenifundisha, don Eutimio Luis, na sahihisho linaandikwa.* Akasaini. Ramiro aliisoma, akapumua, akapiga muhuri wake kwa nguvu kama anayepigilia msumari, akalipeleka faili mwenyewe kwa miguu.

Makala mpya waliiandika wiki tatu, Leobarda akienda San Melchor kila Jumamosi. Macrina hakumsamehe kwa maneno. Alimsamehe kwa kumsahihisha. "Hapana, usiandike kidogo, kidogo ni nini? Andika vijiko." "Weka na kwamba ute ulale siku moja." Walipimia vyote kwa lita, kisha wakaweka picha ya kisanduku chenyewe, urefu, upana na kina. Ulipofika wakati wa kupanga majina, Leobarda alimweka Eutimio Luis wa kwanza, Macrina Luis wa pili, na yeye mwenyewe wa mwisho.

"Marehemu anaweza kuandika makala?" Macrina aliuliza.

"Anaweza. Wanamwekea alama ndogo tu."

Barua ya baraza ilikuja baada ya miezi minne. Ilikuwa ya heshima sana, na ilisema abaki daraja la pili. Leobarda aliisoma akiwa amesimama, akaenda chooni, akalia vizuri, akanawa uso. Iliuma. Iliuma siku nyingi. Yule wa zege alipata daraja lake na kuleta keki, na Leobarda aliila, kwa kuwa keki haikuwa na kosa.

Makala mpya ilikuwa imekwisha kuchapwa kufikia wakati huo. Kila Jumatatu Ramiro aliangalia kwenye mashine yake nani ameitaja, na kila Jumatatu alipita mlangoni bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu. Sifuri mwezi wa kwanza. Sifuri wa pili. Mwezi wa saba sifuri vile vile, na ile ya kwanza, yenye onyo lake, ikakwama pale pale ilipokuwa kama saa iliyosimama.

Mwezi wa tisa, Jumatatu moja ya mvua, akaja mbio mpaka akagonga meza.

"Moja! Ya A! Watu baki kabisa, siwajui, huwajui, Waperu!"

Leobarda alimnyang'anya karatasi. Ilitoka Ayacucho. Kikundi cha wahandisi na waashi wa huko walikuwa wamepaka kuta sita za nyumba za udongo, wakasubiri miezi mitano. Hakurukia sentensi ya jina lake kama alivyozoea. Alianza juu kabisa, akasoma aina ya udongo, akasoma kuhusu baridi ya huko, majedwali yote, mpaka alipofika kwenye mstari wenyewe. Akausoma mara tatu. Halafu akachukua simu.

Macrina alipokea kwa kelele, maana alikuwa kazini. "Sema haraka, nina lipu mkononi!"

"Wametutaja. Peru. Kuta sita."

"Zimepasuka?"

"Hata moja."

Upande wa pili mwiko ukawekwa chini. "Wamemtaja baba?"

"Nakusomea walivyoandika." Leobarda akaileta karatasi karibu na macho. "*Tulifuata vipimo vya Luis na wenzake, na lipu haikupasuka.*"

"Luis. Wameandika hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Rudia."

Akarudia. Ramiro, pembeni, alikuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Na hao wenzake ni akina nani?" Macrina aliuliza.

"Ni sisi," Leobarda alisema. "Wewe na mimi."

"Wewe hawajakuandika?"

"Nimo humo. Kwenye wenzake."

Macrina alicheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni, kisha akaugeuza mdomo mbali na simu. "Jamani, shukeni!" aliwaita mafundi wake. "Shukeni hapa chini wote, niwaambie baba yangu kafika wapi!"